Kabla ya Kwenda Pangani, Utazame Mwezi

Nahodha aliniambia tuondoke saa 2 asubuhi, nami nikamwomba anisubiri hadi adhuhuri. Sikuwa na sababu ya maana. Nilikuwa nimefika Pangani usiku uliotangulia baada ya safari ya siku nzima, nikataka kulala vya kutosha, ninywe chai bila haraka, kisha niende kisiwani Maziwe kama mtu anavyokwenda mahali popote panapokuwa wazi mchana kutwa. Mzee yule hakubishana nami. Alisema tu, "Mwanangu, adhuhuri maji yatakuwa yameshaanza kurudi," akaenda zake kuketi kivulini chini ya mkungu. Tulipofika Maziwe saa 7 na nusu, ule uwanja mpana wa mchanga mweupe niliouona kwenye picha, uliozungukwa na bahari pande zote, ulikuwa umebaki ukanda mwembamba wa hatua 20 hivi, na mawimbi yalikuwa yakiumega huku na huku. Tulikaa nusu saa. Nilipogeuka kuutazama tukiwa tayari ndani ya chombo, niliona povu likikatiza mahali nilipokuwa nimeweka viatu vyangu.

Nimekulia Dodoma, ambako maji ni habari ya bomba, kisima na mawingu, na bahari niliijua kama kitu kinachokaa mahali pake na kumngojea mtu aje. Pangani ndiyo iliyoniondolea wazo hilo. Mji huu mdogo wa mkoa wa Tanga, ulio kilomita 50 hivi kusini mwa jiji la Tanga, una kila kitu anachokitafuta mtu anayetaka kupumzika nje ya nyumba: mto wa kupanda mashua, mikoko yenye ndege, fukwe ndefu zisizo na msongamano, matumbawe, njia za baiskeli zinazopita kwenye minazi na mkonge, na majengo ya kale yaliyo karibu kiasi cha kuzungukwa kwa miguu asubuhi moja. Lakini vitu vyote hivyo, pamoja na soko, kivuko na hata visima vya watu, vinakwenda kwa ratiba moja, nayo ni ratiba ya maji. Mgeni anayefika na ratiba yake mwenyewe huondoka akisema kwamba Pangani hakuna cha kuona, nami baada ya siku ile ya kwanza nilikaribia kabisa kusema hivyo.

Kwa sisi tusiokaa pwani, jambo lenyewe liko hivi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila kunapokucha nyakati hizo huwa zimesogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na katika pwani hii tofauti ya kimo hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, kana kwamba imechoka. Jambo ambalo sikulijua, na ambalo kila mtoto wa Pangani analijua, ni kwamba siku za bamvua maji hapa hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 jioni, na kwamba utaratibu huo haubadiliki mwezi hata mwezi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji makavu yakaangukia alfajiri na jioni. Kwa hiyo mtu anayetaka kusimama juu ya mchanga wa Maziwe asubuhi, na kuogelea kwenye matumbawe wakati maji ni machache na mwanga unafika chini, hana haja ya kuuliza Jumamosi ni tarehe ngapi. Ahesabu mwezi, achague siku mbili tatu kabla au baada ya mpevu au mwandamo, kisha aamke mapema.

Upepo nao una neno lake. Nilikwenda mara ya kwanza mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, na mara ya pili mwanzoni mwa Julai wakati kusi imeshika. Februari bahari ilikuwa nyepesi na maji meupe, ukaweza kuona kivuli cha chombo kikitembea juu ya mchanga wa chini. Julai mawimbi yalikuwa mazito, na kulikuwa na asubuhi mbili ambazo hakuna nahodha aliyekubali kutoka, ingawa mimi nilikuwa tayari na fedha mkononi. Niliwaheshimu sana kwa hilo. Mahali hatari zaidi si bahari kuu bali ni pale mto unapotokea, kwa kuwa maji ya mto yakiwa yanatoka kwa kasi huku upepo wa bahari unaingia, mawimbi husimama wima na chombo kidogo huweza kufunikwa. Mgeni hawezi kulijua hilo kwa kutazama kutoka ufukweni. Anayelijua ni mtu aliyepita hapo maelfu ya mara, na akisema leo hapana, basi jibu ni hapana.

Niseme sasa kuhusu kivuko, kwa sababu ndicho kilichonifanya niipende Pangani kabla sijaona kasa wala matumbawe. Mji uko ukingo wa kaskazini wa mto, na ng'ambo ya pili ni Bweni, kilima chenye minazi kinachoutazama mji. Katikati hupita pantoni, ikibeba magari machache, pikipiki, baiskeli, wanafunzi wenye sare, akina mama wenye ndoo za samaki, mbuzi, mabati, na mtu kama mimi ambaye hakuwa na shughuli yoyote upande wa pili. Siku za kwanza nilivuka kwa kuwa nilitaka kwenda Ushongo, ufuo ulio kusini, baadaye nikawa navuka kwa kupenda tu. Haiendi moja kwa moja. Maji yanapotoka kwa nguvu, nahodha huielekeza juu ya mto kwanza, kisha mkondo wenyewe huirudisha mpaka inapolingana na gati la ng'ambo, na ukisimama pembeni unaona jinsi chombo kizito namna ile kinavyobishana na mto. Watu husalimiana humo kwa kirefu. Nilimwamkia bibi mmoja, "Shikamoo bibi," akaniitikia marahaba, akaniuliza nimetoka wapi, ninakwenda kwa nani, na kwa nini siendi kwa mtu. Na tulipogota ng'ambo alikuwa ameshanielekeza nyumba ya kununua madafu na njia isiyo na mchanga mzito kwa baiskeli.

Wakati nilipokuwa huko, ujenzi wa daraja la mto Pangani lenye urefu wa mita 525 ulikuwa unaendelea, likiwa ni sehemu ya barabara kuu mpya inayotoka Tanga kwenda Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani. Wenyeji wamelingoja kwa miaka mingi, na wana haki. Mjamzito wa Mwera, ng'ambo ya mto, anayepaswa kufikishwa hospitali ya wilaya usiku hawezi kuambiwa kwamba pantoni ina mandhari nzuri. Ninachokitamani ni kwamba, hata daraja likishaanza kutumika, kibaki chombo cha kuvusha watu wa miguu pale mjini, kwa ajili ya watu wenye baiskeli na ndoo, ambao kwao kuzunguka mpaka darajani litakuwa jambo la nauli.

Mji wenyewe nauona ni wa kutembelewa asubuhi sana au baada ya alasiri. Kando ya mto kuna barabara yenye majengo ya wafanyabiashara wa zamani, mengine yenye roshani za mbao na milango iliyochongwa, mengine yakiwa yameanza kuporomoka, huku mibaazi na mapapai yakiota ndani ya vyumba. Kuna Boma kuu, kuna jengo la forodha karibu na gati, na kuna ukuta wa zege uliojengwa kuzuia mmomonyoko, ambao jioni hugeuka kuwa baraza la mji mzima. Vijana hukaa juu yake, watoto hujitupa majini kutoka kwake maji yakiwa yamejaa, na muuza kahawa hupita akigonga vikombe vyake. Katika safari zangu sijaona kiti cha kupumzikia kilicho bora kuliko ukuta ule, na hakuna aliyenitoza fedha kuukalia.

Kutoka ukutani pale mtu huweza kuiona sehemu kubwa ya historia ya pwani hii bila kuinuka. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka bara na kuishia kwenye mto huu katika karne ya 19. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipita hapa mwaka 1857, kabla hawajaanza safari yao ndefu ya kuelekea maziwa makuu. Mwezi Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kushika forodha za pwani kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar, wakala wake hapa Pangani, Emil von Zelewski, alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe, na ghadhabu ya watu ikalipuka kuanzia hapa na kuenea pwani nzima. Bushiri bin Salim aliwaongoza wapiganaji kwa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka Wajerumani walipomkamata na kumnyonga papa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye alikufa miaka miwili baadaye huko Lugalo ya Iringa, mikononi mwa Wahehe. Nilikuwa nimeyasoma hayo shuleni kama tarehe za kukariri kwa ajili ya mtihani, na nikiri kwamba yaliniingia kwa mara ya kwanza nilipoiona bahari ambayo watu wale waliiona, na mto ambao boti za wenye bendera ziliingilia.

Kuhusu huduma nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hazihitaji maneno mengi. Kuna nyumba za kulala wageni za bei nafuu mjini na hoteli za ufukweni upande wa kaskazini na kule Ushongo. Kuna hospitali ya wilaya, kuna maduka ya dawa, kuna mawakala wa fedha za simu kila kona, ingawa mimi huchukua fedha taslimu Tanga kabla sijaja, kwa sababu wakala wa mji mdogo huweza kuishiwa fedha mchana na si vizuri kuzimaliza fedha ambazo mwenyeji atazihitaji jioni. Chakula ni wali wa nazi, samaki, maharage, mihogo, na mchuzi wa pweza siku za bahati. Wenyeji wengi ni Waislamu, na mtu akivaa nguo ya kuogelea afanye hivyo ufukweni na si sokoni. Kanga moja begani humaliza jambo hilo.

Ila kuna huduma moja inayostahili maneno zaidi, nayo ni maji ya kunywa, maana hapo ndipo mto na mji vinaposhikana kuliko mgeni anavyodhani. Mto Pangani una urefu wa kilomita 500 hivi. Vijito vyake vya juu hutoka Kilimanjaro na Meru, mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha maji hushuka yakipita kwenye mashamba ya umwagiliaji na mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani kabla hayajafika hapa. Kila mmoja huko juu huchukua sehemu yake. Mto unapopungua nguvu, bahari huingia ndani zaidi nyakati za bamvua, na maji ya chumvi hupanda mtoni hadi mahali ambapo wazee wanakumbuka kwamba walikuwa wakichota ya kunywa. Nilipanda mashua na kijana mmoja aliyenionyesha minazi iliyokauka vichwa kando ya mto. Alichovya kidole majini akakilamba, akaniambia nami nifanye vivyo hivyo, na nilipoonja chumvi tukiwa tumeuacha mji mbali nyuma yetu, nilielewa mara moja. Tangu siku hiyo sijaweza kuoga kwa ndoo mbili nikiwa Pangani, kwa sababu maji matamu yanayofika kwenye chumba cha mgeni ni maji ambayo mtu wa mtaa wa nyuma anayahitaji.

Safari hiyo ya mtoni yenyewe ni nzuri mno, na ningependa asiiache mtu yeyote. Huanza vizuri maji yanapojaa, kama saa 8 au 9 mchana wa siku za bamvua, kwa sababu mkondo husukuma chombo kwenda juu bila kelele ya injini, na mashua huweza kuingia kwenye vijito vya mikoko ambavyo saa chache kabla vilikuwa tope tupu. Mikoko ikiwa imezama nusu, mizizi yake haionekani na miti huonekana imesimama juu ya kioo. Mdiria hukaa kwenye matawi yaliyokufa, yangeyange hutembea kando kwa uangalifu, na juu ya minazi furukombe hulia ile sauti yake inayosikika kutoka mbali. Mamba wapo. Kijana yule alinionyesha mmoja, akiwa amelala kwenye ukingo kama gogo, na baada ya hapo nilirudisha mkono wangu ndani ya mashua. Kuogelea mtoni ni jambo la kukatazana kabisa, hata kama watoto wanajirusha kutoka ukutani pale mjini. Wao wanajua mahali na saa yake, na sisi hatujui.

Upande wa kusini niliuendea kwa baiskeli ya kukodi. Kutoka Bweni kwenda Ushongo ni kama kilomita 15, na kwa sehemu kubwa ni njia ya vumbi katika minazi, mihogo na mkonge. Mkonge huo una habari yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na baada ya safari ndefu ya meli kupitia Ulaya iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo 62 ilipandwa Kikogwe, hapa hapa kusini mwa mto Pangani, na ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Tanga, na baadaye utajiri na mateso ya vibarua wengi waliotoka kila pembe ya nchi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa vibarua hao, katika shamba lililokuwa upande wa Muheza, na alirudi nyumbani akiwa na kikohozi na blanketi mbili. Nilisimamisha baiskeli, nikayatazama majani yale yenye miiba kwa muda mrefu, nikampigia mama simu kumwambia mahali nilipo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huko kunanyesha.

Ushongo ni ufuo mrefu, mchanga mgumu maji yakipwa na laini yakijaa. Asubuhi ya bamvua, saa 3 hadi saa 5, bahari hurudi nyuma mbali kabisa, na uwanja unaoachwa hujaa watu wanaofanya kazi: wanawake wanachokoa pweza kwenye miamba kwa fimbo ya chuma, wengine wanatanda uduvi kwa vipande vya nguo, vijana wanaziba nyufa za ngalawa zilizolala ubavu kwenye mchanga. Mgeni huweza kutembea humo kwa saa 2 akitazama vidimbwi vyenye nyota za bahari na kaa. Avae viatu, kwa kuwa kuna viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyayo, na kuna samaki wanaofanana na jiwe ambao sumu yao si ya kufanyiwa majaribio. Na asiende mbali bila kuangalia nyuma, maana maji hurudi kwanza kwenye mikondo iliyo kati yake na ufuo, na aliye mbele huweza kujikuta amezungukwa angali akidhani yuko nchi kavu.

Huko Ushongo ndiko nilikowaona kasa, katika safari ya Julai. Maziwe ilikuwa kisiwa cha kweli zamani, chenye mivinje na kivuli, na kasa walitaga hapo kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1975 kilitangazwa kuwa eneo tengefu la bahari. Lakini miti ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimeshatoweka na kubaki fungu hilo linalofunikwa kila maji yanapojaa sana. Kasa jike hajaambiwa habari hiyo. Bado hufika hapo usiku, huchimba shimo, hutaga mayai yanayoweza kufikia 100 na zaidi, huyafukia na kurudi baharini, na bamvua inayofuata ingeyazamisha yote, kwa kuwa yai la kasa linahitaji hewa kama yai la kuku. Kwa hiyo watu wa kijijini waliofunzwa kazi hiyo huenda Maziwe asubuhi, huyafukua kwa mikono mapema kabla kilichomo ndani hakijajishika kwenye gamba, huyabeba bila kuyageuza na kuja kuyafukia upya Ushongo, juu ya mstari wa maji. Baada ya karibu miezi 2 huanguliwa.

Nilikuwepo jioni moja wakati shimo lilipofunguka. Mlinzi alituomba tukae nyuma ya kamba, tuzime simu na tochi, kwa sababu vitoto hufuata mwanga, na kwao mwanga maana yake ni bahari. Kwanza mchanga ulitikisika kama unaochemka, kisha kikatokea kichwa kimoja, kisha vingine, na kwa muda usiozidi dakika 20 kulikuwa na vitu vidogo vyeusi vya ukubwa wa kiganja cha mtoto vikijikokota kuelekea kwenye mawimbi, kila kimoja kikiacha alama mbili pembeni na moja katikati. Wimbi lilikirudisha kimoja mara tatu. Mtoto wa mlinzi, mwenye umri wa miaka 6 au 7, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili ili asipige kelele. Sijui kama nimewahi kushuhudia jambo ambalo lilinitaka nisifanye chochote kiasi kile.

Maziwe nilirudi siku iliyofuata, mwezi ukiwa mpevu. Kwa bahati upepo wa kusi ulikuwa umelegea usiku ule. Niliamka saa 11 alfajiri bila kuamshwa, nikavuka kwa pantoni kurudi mjini, nikamkuta mzee yule yule gatini akipanga vesti za kuokolea, na saa 2 kamili tukaondoka tukitoka pamoja na maji. Fungu lilikuwa wazi lote. Nilitembea kulizunguka nikiwa peke yangu kwa muda, na halina kitu, hata jani, ila mchanga, magamba ya kombe na nyayo za kasa aliyepanda usiku. Pembeni yake kuna matumbawe, na nilipozamisha uso kwa miwani ya maji niliona samaki aina ya pono wakiyatafuna kwa meno kama wanaovunja biskuti, na kikande mmoja aliyenifukuza kutoka kwenye kitongoji chake kwa ukali uliozidi umbo lake. Usiyakanyage wala kuyashika. Kipande cha ukubwa wa ngumi huweza kuwa kimekua kwa miaka mingi. Kiingilio hulipwa kwa mamlaka ya hifadhi za bahari, na Mtanzania hutozwa kidogo kuliko mgeni wa nje. Mimi hudai risiti, na mzee alifurahi nilipoidai, akasema kwamba fedha isiyo na risiti haimlindi kasa.

Saa 5 na nusu alinionyesha kwa kidole mahali ambapo maji yalikuwa yameanza kupanda, nami safari hii nilikuwa nimeshaona kabla hajanionyesha. Tulikunja turubai la kivuli, tukaingia chomboni na kurudi na maji nyuma yetu, mdomo wa mto ukiwa umetulia.

Jioni nilikaa ukutani kwa mara ya mwisho. Bahari ilikuwa imejaa mpaka karibu na ukingo, pantoni ilikuwa ikivuka kwa kupinda kama kawaida yake, na mzee alipita akiwa ametoka msikitini, kanzu yake nyeupe na kofia mkononi. Aliniuliza nitarudi lini. Nilihesabu kwa vidole, si siku za juma.

"Mwezi ujao ukifika kumi na nne, inshallah."

"Basi saa 2," akasema.

"Saa 2, mzee."